Karatasi ya Kumweka Masele Ukutani

Siku hizo Simiyu ilikuwa haijawa mkoa. Tulihesabiwa Shinyanga, na soko huria lilikuwa limeshatuzoea. Pamba aliinunua yeyote mwenye mzani na turubai. Josia, aliyekuwa fundi redio, alikuwa amefungua studio ya picha pale Somanda, Bariadi mjini, jirani na barabara ya hospitali, kwa kompyuta moja, skana moja na printa ya wino iliyopiga chafya kwanza kabla ya kutoa kitu. Mimi nilikuwa na kiti changu humo ndani. Nilistaafishwa kazi ya kupanga madaraja ya pamba wakati chama cha ushirika kilipoishiwa pamba ya kupanga, na mtu aliyezoea kushikashika nyuzi kutwa nzima lazima apate mahali pa kupumzishia mikono. Josia hakunifukuza. Wateja wakisubiri picha niliwasimulia mambo, na mteja anayesikiliza haondoki.

Picha za Josia zilikuwa nzuri siku ya kutoka. Alizisafisha kwenye karatasi ya kung'aa aliyoifuata Mwanza, na iling'aa hasa. Ukiitundika mkabala na dirisha, jogoo wa jirani anawika saa nane mchana akidhani kumekucha. Shida ilikuja baadaye. Jua la kwetu lilizila. Kuna picha ya harusi ilitundikwa sebuleni kwa watu fulani ikatazama magharibi. Bwana harusi akaanza kufifia kwenye viatu, ufifiaji ukapanda mpaka kwenye kofia, bibi harusi akabaki ameshika mkono wa hewa. Mwaka uliofuata bwana harusi mwenyewe akahamia Kahama kwenye dhahabu, na sijasikia kuwa amerudi. Josia akakaa muda mrefu bila kuwauzia maharusi fremu. Aliogopa lawama.

Maji yalikuwa mabaya kuliko jua. Na kwenye maji ndipo anapoingia Sayi.

Sayi alikuwa mtu wa Migato, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Alipigwa picha kwa Josia amesimama kando ya baiskeli mpya, akaitia picha kwenye mfuko wa shati, akanyeshewa njiani. Kufika kwake, baiskeli ipo, mwenye baiskeli ameyeyuka kuanzia shingo. Akarudi Somanda na ushahidi wake.

"Ngosha, umeniuzia baiskeli isiyo na mtu."

"Mvua hiyo, si mimi," Josia akamjibu. "Picha hizi hazitaki maji."

"Hazitaki kabisa?"

"Hata mate hazitaki."

Sayi akaitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, akaikunja, akaondoka bila kudai nyingine. Nilishangaa. Sayi hakuwa mtu wa kuondoka bila kudai.

Baada ya msimu wa pamba akaja mwanamke wa makamo, kitenge kimoja kiunoni na kingine kichwani, ameshika bahasha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

"Mwadila," alitusalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila mayu," tukaitikia. "Mhola?"

"Mhola duhu." Akakaa kwenye benchi, akamgeukia Josia. "Nimemfuata mume wangu."

Josia akanitazama mimi. Nikatazama mlango.

"Wa ukutani," mwanamke akaeleza. "Mkubwa, wa fremu. Na asiwe mwoga wa maji."

Aliitwa Milembe, mjane wa Masele wa Migato, na huyo Masele alikuwa kaka yake Sayi. Alitueleza mambo yake kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Ukoo ulikuwa umekaa kumaliza msiba. Sayi, kwa kuwa ni mdogo wa marehemu, alisimama akasema yuko tayari kumrithi shemeji yake, kama desturi inavyotaka, pamoja na nyumba ya bati, zizi, na shamba la pamba la upande wa mtoni. Milembe hakuwa tayari. Alikuwa ameona jinsi Sayi anavyoishi na wake wawili alionao, na akaona nafasi ya wa tatu haina kivuli. Akawaambia wazee kwamba nyumba yake haina pengo. Masele yumo.

"Yumo wapi?" wakamuuliza.

"Nitamweka ukutani, mtamwona."

Wazee walicheka mpaka mmoja akadondosha fimbo. Sayi peke yake hakucheka. Alisema taratibu, kwa uso wa huruma, kwamba shemeji amesema vizuri. Kama kaka yumo ndani, basi siku ya kuwalisha masamva, wale wazee waliotangulia, naye apulizwe lwanga kama mwenye kaya yeyote. Akivumilia, kaya ina mwenyewe, na yeye Sayi atakaa kwake. Akigeuza uso, ameondoka, na kaya inataka mwanaume.

Lwanga ni unga wa mtama uliokorogwa na maji. Mzee wa ukoo anaujaza mdomoni na kumpulizia anayebarikiwa, usoni, bila ubahili. Wazee wakaona neno la Sayi lina haki. Milembe naye akalikubali palepale, maana picha alizozijua yeye ni zile za zamani, nyeusi na nyeupe, ambazo zilizaliwa ndani ya maji studio na kuanikwa kwenye kamba kama soksi. Mwanakwaya mwenzake ndiye aliyemshtua Jumapili iliyofuata: kitinda mimba wake alikuwa amelamba picha ya kipaimara ya dada yake, dada akabaki na gauni tu.

"Mtie kioo," nikamshauri. "Mate yaishie kwenye kioo, Masele abaki mkavu."

"Nilisema hivyo hivyo, baba. Sayi akasema mtu habarikiwi akiwa nyuma ya dirisha. Mzee Salu akasema ni kweli, kioo kije baadaye."

Niliposikia jina la mzee Salu nikanyoosha miguu. Mpulizaji mwenyewe ndiye huyo. Alikuwa mkubwa kuliko wote katika ukoo ule, na meno machache aliyobaki nayo yalikuwa yamejipanga vizuri kwa kazi hiyo. Ninavyosikia, aliwahi kubariki jembe la kukokotwa akiwa ng'ambo ya korongo, na ng'ombe wawili wakapenga.

"Kazi ipo," nikasema.

"Ndiyo maana nimekuja mjini," Milembe akasema, akafungua bahasha.

Masele alikuwa mdogo kama kidole gumba, mweusi na mweupe, amevaa kofia, ndevu nyeusi zimejaa kidevu chote. Alipigwa picha hiyo alipojiunga na ushirika na hakupigwa nyingine. Josia akamlaza kwenye skana, akamkuza kwenye kioo cha kompyuta mpaka tukaona kovu dogo juu ya nyusi. Milembe akalitambua lile kovu kabla ya kuutambua uso.

"Fahali alimpiga pembe," akasema. "Mfanye awe wa kung'aa, kama wale uliowatundika pale."

Josia akachukua karatasi ya Mwanza. Printa ikapiga chafya, Masele akatoka, anang'aa vizuri sana, lakini wa kijani.

"Huyu anaumwa," Milembe akasema.

Josia akaeleza kwamba mashine, kwenye karatasi ile, hutengeneza weusi kwa kuchanganya rangi nyingine zote, na kila rangi inataka ionekane. Akarekebisha, ukijani ukapungua, Masele akawa mtu unayeweza kumwamkia mchana. Milembe akachovya vidole kwenye kikombe cha maji yangu, akadondoshea tone moja kwenye kidevu. Ndevu zikaanza kutembea. Zilishuka shingoni, zikaingia kwenye kola, zikaishia kifuani kama tai.

"Sayi ameshaingia nyumbani," akasema, akaweka kikombe chini.

Josia hakupenda kushindwa mbele ya mtu anayelipa. Akaiamuru printa itumie wino mweusi tupu, ule wa kuchapia barua, ambao ulikuwa mzito na una tabia nyingine. Kwenye karatasi ya kung'aa wino ule ulikataa kukauka. Alipougusa, shavu la Masele lilimfuata kidoleni. Kwenye karatasi ya fotokopi ulishika, na maji hayakuuhamisha, ila karatasi yenyewe ilijikunja kama jani la kunde na kuchanika puani. Josia akaanza kutafuta maneno ya kumwambia mteja aende Mwanza. Nilimjua, akitafuta maneno hayo hujikuna kisogo.

Milembe akatoka nje kupunga upepo. Mlangoni kulikuwa na kibao cha karatasi ambacho Josia alikichapa ili akienda kula watu wasubiri. Kilisema NARUDI SASA HIVI, na hakikutolewa hata akiwepo, kwa hiyo watu wapya walimsubiri mtu waliyekuwa wanamwona. Milembe alisimama mbele ya kibao hicho muda mrefu.

"Josia! Hii uliichapa lini?"

"Kabla ya masika."

"Masika haya yaliyopita?"

"Hayo hayo."

"Na ilikuwa hapa hapa nje?"

"Mayu, si unauona ukuta wenyewe?"

Ukuta ulikuwa umemomonyoka kimo cha mbuzi kwa mvua. Zile herufi zilikuwa nyeusi, kamili, kama zimeandikwa asubuhi. Karatasi ilikuwa imechakaa pembe tu.

"Nataka Masele akae kwenye hii," Milembe akasema.

Josia akacheka. Alisema hiyo si karatasi ya picha. Alinunua boksi lake Mwanza kwenye ofisi ya mradi fulani wa Wazungu iliyokuwa inafunga, akafika Bariadi akagundua kwamba hazing'ai. Mteja akiona picha isiyong'aa anadhani haijaisha, anauliza arudi lini. Nyingi amezitumia kwa vibao, na zilizobaki amezilundika chini ya mguu wa meza ili printa isilale upande.

"Zitoe," Milembe akasema.

Meza ikainuliwa. Katikati ya lundo kulikuwa na karatasi chache zilizonyooka. Nikaomba moja, nikaichana pembe kidogo, nikavuta ule mchano kati ya vidole gumba taratibu, kama nilivyofanya maisha yangu yote kwenye magunia. Zikatoka nyuzi. Milembe akaninyang'anya, akavuta na yeye.

"Pamba," akasema.

"Pamba," nikakubali.

"Safi au fifi?"

Hayo ndiyo madaraja mawili yaliyokuwa kwenye mzani wetu, na hakuna mkulima wa kwetu ambaye hakugombana na mtu kama mimi kwa sababu yake. Nikaitazama dhidi ya mwanga. Ningeweza kumtania, lakini mikono haikutaka.

"Safi."

"Inaweza kuwa ya kwetu?"

"Nani atajua, mayu. Ilitoka robota, imerudi karatasi."

"Basi Masele hatakuwa mgeni humo." Akamkabidhi Josia. "Mchape."

Josia akachapa kwa weusi tupu. Masele akatoka amepoa, mwenye chembechembe, kama mtu aliyesimama shambani kwenye ukungu wa alfajiri. Hakung'aa hata kidogo.

"Havutii, mayu," Josia akalalamika.

"Sisemi anivute. Alishanivuta zamani."

Wakaacha picha ikauke, nikawasimulia habari ya mamba wa mto Simiyu aliyekuwa analipa kodi ya kichwa, na ilipokauka Milembe akainua kikombe. Akasita, akanipa mimi.

"Mpulize wewe, baba. Mimi siwezi kumtemea mume wangu mate, hata kwa mazoezi."

Nikajaza mdomo, nikapuliza kwa nguvu zote za mstaafu. Maji yakazama kidogo kwenye karatasi, karatasi ikanywa, ikavimba kidogo, ikatulia. Ndevu zikabaki kidevuni. Milembe akaangalia kovu la nyusi kwa karibu, lilikuwepo. Alichagua fremu nyeusi isiyo na maua, na kwa mara ya kwanza tangu afike akakaa kwa kuegemea. Hatukufikiria unga. Nilipuliza maji matupu, na hakuna aliyeona kasoro.

Siku ya kuwalisha masamva tulikwenda Migato, Josia na mimi, yeye amebeba kioo cha fremu kilichofungwa kwenye blanketi. Asubuhi ilikuwa kavu, watu wameanza kusafisha mashamba kungoja mvua za kwanza. Ukoo ulijaa uani. Masele alikuwa ametundikwa msumarini, ukuta wa nje, kando ya mlango, kwenye kipande cha ubao, uso wazi. Milembe alisimama chini yake mikono imefungwa kifuani. Aliamkia kila mtu, na mikono haikufunguka.

Mzee Salu aliletwa ameshikwa kiwiko. Kibuyu cha lwanga alikileta Sayi mwenyewe, na alikikoroga mwenyewe, mbele ya macho yetu, akiongeza unga kila mara mpaka mwiko ukasimama. Ulikuwa umekaribia uji mzito.

"Sayi," mwanamke mmoja akamwambia, "unabariki au unasiriba nyumba?"

"Kaka yangu hakuwa mtu wa kupunjwa," Sayi akajibu. Akamkabidhi mzee kibuyu. "Guku, babu yangu, usimwonee huruma."

"Kwani mimi namwonea nani huruma," mzee Salu akasema, akanywa.

Mashavu yakajaa, yakaendelea kujaa. Kuku wakaondoka uani wenyewe. Aliita majina ya wazee waliotangulia kwa pua, hakuna aliyeyaelewa isipokuwa wao wenyewe, kisha akaachia. Nasema ukweli, mlango ulifunguka. Josia aliyekuwa hatua kadhaa nyuma alibarikiwa mguu. Tulipofumbua macho, ubaoni hapakuwa na Masele. Palikuwa na karatasi nyeupe inayotiririka.

Milembe hakusogea.

"Ameondoka," Sayi akasema. Alilisema kwa upole, akajifuta mikono kama mtu aliyemaliza kazi. "Jamani, mmeona wenyewe. Shemeji, pole."

"Tulia," mzee Salu akasema huku akipangusa kidevu. "Hata wewe nikikupuliza hivyo huonekani. Mwache ashukiwe."

Tukasubiri. Maji yalichuruzika kwenye ubao, yakadondokea kizingitini, yalikuwa meupe tu. Niliyatazama sana, hayakuwa na weusi. Kwanza likatokea jicho moja, halafu kovu. Halafu jicho la pili, na kofia, na pua iliyonyooka. Wino haukuwa umekwenda popote. Watu wakaanza kunong'ona, mnong'ono ukakatika wenyewe, kwa sababu Masele aliyetokea hakuwa yule aliyetundikwa. Ile karatasi haikuwa na utelezi. Ilikuwa na nyuzi, na nyuzi zilikuwa zimeshika unga. Maji yalishuka, unga ukabaki pale palipokuwa na wino mwingi, kwenye ndevu na nyusi. Jua likaukausha hapohapo.

Mzee Salu akasogea mpaka pua ikakaribia pua.

"Masele alikufa na ndevu gani?"

"Nyeusi," watu wakasema.

"Si nilimvika sanda mimi? Nyeusi kama masizi. Na huyu?"

Watu wakasogea. Ndevu na nyusi zilikuwa nyeupe.

"Mimi nimezika watu," mzee Salu akasema. "Nimezika wengi, wengine walinizidi umri, wengine niliwazidi. Sijaona hata mmoja aliyeota mvi baada ya kumzika. Huyu anazeeka. Anazeekea nyumbani kwake, na mke wake."

"Ni unga huo!" Sayi akapaza sauti. "Guku, unga! Ufuteni muone!"

"Unga wa nani?"

Sayi akauokota mwiko.

"Nauliza, aliyekoroga ni nani?"

Yule mwanamke wa mwanzo akaanza kucheka, na uwanja mzima ukamfuata. Sayi alibaki na mwiko mkononi. Mzee Salu akaomba kiti na pombe, maana kwake shauri lilikuwa limekwisha.

Milembe alifungua mikono. Alichukua pembe ya kitenge, akataka kumpangusa mumewe nyusi, Josia akamwahi.

"Usifute, mayu. Ukifuta anarudi kijana."

Akaacha. Alimtazama kwa muda, kichwa upande.

"Amefanana na baba yake," akasema, akaingia ndani kuangalia chakula. Tulimtia Masele kioo mchana huohuo, na unga wake, tukamtundika sebuleni juu ya redio.

Sayi hakuvunja neno lake, hilo lazima lisemwe. Akipita kwa shemeji alipiga hodi, akasimama mlangoni, akamsalimia kaka yake kwanza. Kabla ya Krismasi alikuja Somanda na baiskeli ileile.

"Nipige tena," akamwambia Josia. "Kwenye karatasi ya Masele."

Zilikuwa zimekwisha, Milembe alizichukua zote zilizobaki, akasema hataki mtu mwingine azeeke bila yeye kujua. Josia akabandua kibao cha mlangoni, akamchapa Sayi nyuma ya kibao hicho. Nasikia wake zake walimtundika, na kila akienda mnadani wanamgeuza, mgeni akija anasoma NARUDI SASA HIVI, anakaa kusubiri.

Mwaka uliofuata, siku ya masamva, mzee Salu alikaa sebuleni kwa Milembe akamkagua Masele. Mvi hazikuwa zimeongezeka. Jambo hilo halikumpendeza.

"Mteremshe," akasema. "Mtoe kioo nimpulize tena kidogo."

Milembe alikuwa anamimina chai. Hakugeuka.

"Guku, mzee wa umri ule atashikwa na baridi. Yeye siku hizi anapulizwa akiwa nyuma ya dirisha."

Mzee Salu akafikiri. Akakiri kwamba ni kweli, kwa umri ule, hata yeye asingependa kutolewa nje.